Macho makavu: soma hii kabla hujatoa hela ya saplimenti (mwongozo kamili kutoka Mtwara)

Mi nina kibanda cha steshenari hapa Mtwara mjini, nachapa barua, nachapa mikataba, msimu wa korosho ukifika watu wa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) wananiletea orodha za wakulima nizijaze kwenye kompyuta mpaka saa nne usiku, na feni ipo hapo pembeni inanipuliza usoni maana joto la Oktoba na Novemba huku mnalijua. Msimu mmoja hivi ndo macho yakaanza. Yanachoma, yanawasha, kama mtu kanimwagia mchanga wa Msimbati ndani ya kope, alafu cha ajabu yanatiririka machozi yenyewe mpaka wateja wananiuliza nna msiba gani.

Akapita dada mmoja wa zile biashara za kuunganisha watu, kanikuta nafuta macho na leso. "Kaka, hayo macho yamekauka, nna kitu yako hapa, siku saba tu utanishukuru." Kopo la vidonge vya mafuta ya samaki (omega 3), laki moja na ishirini. Nikatoa. Siku saba zikapita, na wiki saba, macho yaleyale, na hela ya kodi ya fremu imepungua. Hapo ndo nikaanza kusoma, kuuliza, kwenda kwa watu wa macho, na hii ninayoandika ni njia nzima kama ningeijua mwanzoni. Siyo kwamba saplimenti zote ni utapeli, hapana, zingine zina kazi yake. Ila zina foleni yake na zenyewe zinakaa mwisho wa foleni, sio mwanzo.

HATUA YA KWANZA: hakikisha ni ukavu kweli

Machozi sio maji matupu. Ule utando unaolowanisha jicho una maji, una kitu cha utelezi kinachofanya maji yashike kwenye jicho, na juu kabisa una mafuta membamba yanayozuia maji yasikauke haraka. Hayo mafuta yanatoka kwenye vitezi vidogo vilivyojipanga kwenye ukingo wa kope, juu na chini. Watu wengi wenye macho makavu maji wanayo, ila mafuta ndo mabovu, kwahiyo maji yanakauka kabla hujapepesa tena. Jicho likikereka linamwaga machozi mengi ya dharura, yale yanayotiririka mashavuni, ila hayakai. Ndo maana mtu analia huku macho yamekauka, na ukimwambia hivo anakuona unamtania.

Jaribu hivi nyumbani: zima feni, pepesa mara mbili tatu, alafu acha macho wazi bila kupepesa huku unahesabu sekunde taratibu. Ukishindwa kabla ya 10 kwa sababu yanachoma, dalili ya ukavu ipo. Siyo kipimo cha daktari, ila kinakupa picha. Dalili zingine: yanazidi jioni, yanazidi ukikaa kwenye simu, kwenye upepo, kwenye moshi, na maandishi yanaingia ukungu alafu ukipepesa yanarudi safi.

Sasa kuna mambo ambayo siyo ya kukaa nayo nyumbani ukinunua vidonge. Maumivu makali, kuona kumepungua ghafla, mwanga unakuumiza, usaha mzito, jicho moja tu ndo jekundu, kitu kimeingia au umegongwa, doa jeupe kwenye mboni: nenda hospitali siku hiyohiyo. Mtwara kuna Ligula na kuna ile ya rufaa ya kanda ya kusini, Lindi kuna Sokoine, walio njia ya Masasi kuna Ndanda, kuna Nyangao. Kope zinazojikunja ndani na kukwaruza jicho, wazee wetu wanaita vikope, hizo zinatibiwa kwa upasuaji mdogo na hakuna kidonge kitakachozinyoosha. Mtoto anayejikwaa na kugonga vitu jioni giza likianza wakati wenzake wanacheza vizuri, au ana vidoa vyeupe kama povu kwenye weupe wa jicho, huyo anaweza kuwa amepungukiwa vitamini A na ni dharura, mpeleke kituo cha afya, usingoje kliniki ya mwezi ujao.

Na kama una macho makavu PAMOJA na mdomo mkavu kiasi kwamba ugali haumezeki bila maji, na viungo vinauma, mwambie daktari yote matatu kwa pamoja. Kuna ugonjwa wa kinga ya mwili unaoshambulia vitezi vya mate na machozi, na ukitaja macho peke yake hautaonekana haraka.

HATUA YA PILI: tafuta kinachokausha

Hii watu wanairuka kwa sababu haina kopo zuri. Mi kwangu ilikuwa feni. Naomba nirudie, FENI. Ilikuwa inanipuliza usoni saa 12 kwa siku na usiku nyingine kitandani. Nikaigeuza ipulize ukuta wa nyuma, upepo unazunguka bado unapata ubaridi, macho yakapata nafuu wiki ileile kuliko kopo la laki na ishirini lilivyofanya miezi miwili.

Angalia na wewe ya kwako. Unaendesha boda bila miwani, upepo wa kusi unakukata usoni kuanzia Mikindani mpaka mjini? Vaa miwani yoyote inayofunika pembeni. Unafanya kazi kwenye mashamba ya chumvi, jua na upepo na mng'ao? Kofia pana na miwani ya giza. Unakaanga au kubangua korosho kwenye moshi? Kaa upande upepo unakotokea. Na salfa jamani, salfa. Kuanzia Mei hivi watu wanapulizia mikorosho kwa ajili ya ubwiri unga, kuna kijana anabeba mashine mgongoni, amejifunga shati mdomoni, macho wazi, jioni yamekuwa mekundu kama pilipili, alafu anaambiwa ana upungufu wa vitamini. Huyo anahitaji miwani ya kuziba, na salfa ikiingia aoshe jicho kwa maji safi yanayotiririka dakika 15 au zaidi bila kusugua.

Skrini nayo. Ukiangalia simu au kompyuta unapepesa karibu nusu tu ya kawaida, pengine chini ya hapo, na hata ukipepesa kope hazigusani vizuri. Mi nimebandika karatasi pembeni ya skrini imeandikwa PEPESA, wateja wanacheka, ila inasaidia. Kila baada ya dakika 20 angalia mbali, barabarani huko, kwa sekunde 20. Na shusha skrini iwe chini kidogo ya macho, jicho likiangalia chini linakuwa limefunguka kidogo tu.

Alafu dawa unazokunywa. Piriton na setirizini za mafua na aleji, amitriptilini, baadhi ya dawa za presha za kukojoza, vidonge vya chunusi vya isotretinoin, vyote vinaweza kukausha macho. Usiache dawa ya presha kwa sababu umesoma hapa, nenda kamuulize aliyekuandikia. Ila ile piriton unayojinunulia kila wiki kwa sababu macho yanawasha, aisee hiyo inawezekana ndo inayokumaliza.

HATUA YA TATU: kitambaa cha moto, na matone

Nitakaa hapa kidogo kwa sababu ndo penye utamu. Mnajua mafuta ya nazi kwenye chupa, mwezi wa saba kusi ikipiga, asubuhi unayakuta yameganda meupe, unatikisa hayatoki? Unafanyaje? Unaweka chupa kwenye maji ya moto kidogo, dakika chache yanatiririka. Vitezi vya kwenye kope ni hivohivo. Mafuta yake yakiharibika yanakuwa mazito, mtaalamu akibinya kope badala ya kutoka mafuta maang'avu kama ya kupikia kinatoka kitu kizito kama dawa ya meno. Mi nilioneshwa kwenye kioo kidogo, nesi wa macho kanibinya taratibu kwenye ukingo, kakiinua kwenye pamba: "Ona mwanangu, sasa hiki kitatokaje chenyewe?" Nikanyamaza.

Unafanya hivi. Maji ya moto kiasi, yale ambayo ukiweka kiwiko hayakuunguzi, kama ya kumuogeshea mtoto lakini yamezidi kidogo. Kitambaa safi, chovya, kamua, funga macho, weka juu. Kinapoa ndani ya dakika mbili, kwahiyo chovya tena, na tena, jumla dakika 5 mpaka 10. Ukimaliza, kwa kidole kisafi sugua kope ya juu kuelekea chini na ya chini kuelekea juu, yaani kuelekea kwenye nywele za kope, taratibu, usikandamize jicho lenyewe. Mara moja au mbili kwa siku, kila siku. Watu wanafanya siku tatu wanaacha wanasema haifanyi kazi. Ipe mwezi. Alafu kitambaa ni chako peke yako, msichangie nyumba nzima, tulivyoona mlipuko wa macho mekundu mwanzoni mwa 2024 tunajua jinsi inavyosambaa.

Matone ya machozi bandia yapo famasi, uliza yenye hypromellose au carboxymethylcellulose. Ukitumia zaidi ya mara nne kwa siku tafuta yasiyo na kihifadhi, maana kile kihifadhi chenyewe kinakera jicho. Ila kaa mbali na mawili haya. La kwanza, matone ya kufanya macho yawe meupe, yanabana mishipa, ukiacha wekundu unarudi mara mbili. La pili, na hili nalisema kwa herufi kubwa: USIJINUNULIE MATONE YENYE DEXAMETHASONE. Yanatuliza vizuri mno, ndo shida yake, mtu anayatumia miezi bila kupimwa, presha ya jicho inapanda kimyakimya na macho yanapotea. Na maji ya majani, asali, maziwa ya mama, mkojo, hivyo vyote viache vilipo, jicho siyo kidonda cha mguu.

HATUA YA NNE: anza na sahani

Huku kusini tunalalamika mengi ila samaki tunao. Omega 3 inayotajwa kwenye makopo ni mafuta mawili, EPA na DHA, na yote yanatoka kwenye samaki wenye mafuta. Vibua wanayo, dagaa wanayo, jodari anayo. Milo miwili mpaka mitatu kwa wiki inatosha kwa mtu wa kawaida. Ukienda Feri asubuhi utapata vibua kwa bei ambayo kopo moja la vidonge lingekulisha miezi. Wapike na nazi au wachemshe na ndimu, ukiwakaanga mpaka wawe kama kuni, mafuta yao mengine yanabaki kwenye karai.

Korosho je? Najua nitatukanwa. Korosho ni chakula kizuri, mi nakula kila siku, ila omega 3 ya maana haina, mafuta yake mengi ni ya aina ile iliyopo kwenye zeituni. Kwahiyo anayekuuzia korosho kama dawa ya macho makavu anauza korosho tu. Mbegu za kitani na chia zina omega 3 ya mimea ambayo mwili unaibadilisha kuwa EPA kidogo sana, usizitegemee.

Vitamini A unaipata kwenye maini, mayai, na ile ya mimea kwenye viazi lishe vya njano, embe bivu, papai, karoti, matembele, mchicha, kisamvu. Na hapa bibi zetu walikuwa na akili kuliko makopo: kisamvu kinapikwa na nazi, na ile vitamini ya kwenye majani haiingii mwilini vizuri bila mafuta. Mchicha wa kuchemsha na chumvi tupu unapoteza sehemu ya kazi.

HATUA YA TANO: sasa njoo kwenye makopo

Umegeuza feni, umefanya kitambaa mwezi mzima, unakula vibua, bado yanachoma na mtaalamu kathibitisha ni ukavu. Sawa. Tuongee saplimenti moja moja.

Omega 3. Hii ndo maarufu kuliko zote na ndo imepimwa sana. Kulikuwa na tafiti ndogo zikaonesha watu wanapata nafuu, madaktari wengi wakawa wanaiandika. Alafu Marekani wakafanya kubwa, iliitwa DREAM, majibu yakatoka 2018. Watu 535 wenye macho makavu ya kati mpaka makali, wengine wakapewa vidonge 5 kwa siku vyenye jumla ya EPA miligramu 2,000 na DHA 1,000, wengine wakapewa vidonge vinavyofanana kabisa ila ndani mafuta ya zeituni, hakuna anayejua kapata nini, mwaka mzima. Waliopata nafuu ya maana kwa omega 3 ni asilimia 61. Waliopata nafuu kwa mafuta ya zeituni ni asilimia 54. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba haikuhesabika kuwa ni ya dawa.

Rudi usome hiyo 54 tena. Zaidi ya nusu ya watu walipata nafuu kwa vidonge ambavyo havikuwa na kitu walichoambiwa wanapimwa nacho. Ndo siri ya zile shuhuda kwenye magrupu ya WhatsApp, "nilikuwa siwezi hata kuangalia TV sasa nasoma Biblia usiku". Hadanganyi, mama wa watu kapata nafuu kweli! Macho makavu yanapanda na kushuka yenyewe, mtu ananunua kopo siku yamezidi, wiki ijayo yanashuka kama ambavyo yangeshuka, sifa inachukua kopo.

Kwahiyo omega 3 niiache? Mi sisemi hivo. Kwa mtu asiyekula samaki kabisa, au mwenye vitezi vibovu ambaye mtaalamu wake kamshauri, kujaribu miezi mitatu siyo dhambi, ili mradi ujue unajaribu. Na ujue kusoma kopo. Geuza nyuma, mbele usisome, mbele kuna picha ya samaki anaruka. Kopo langu mbele limeandikwa 1000. Nyuma kwa maandishi ya kutafuta kwa tochi: EPA 180, DHA 120. Yaani omega yenyewe 300, iliyobaki ni mafuta ya samaki ya kawaida. Ili nifikie kiwango walichotumia kwenye ule utafiti ningemeza vidonge 10 kwa siku, na kopo la 60 lingeisha siku sita. Na kumbuka hata hicho kiwango hakikuipita zeituni. Piga hesabu mwenyewe laki na ishirini mara tano kwa mwezi, ni mtu gani huyo.

Joto letu nalo. Mafuta ya samaki yanaoza. Kopo limesafiri na basi kutoka Dar, limekaa dukani chini ya bati, muuzaji kaliweka kwenye begi juani stendi. Ukifika nalo toboa kidonge kimoja kwa sindano, nusa. Harufu nyepesi ya bahari ni sawa. Harufu ya rangi ya mlango au mafuta ya karai yaliyorudiwa mara kumi, rudisha. Yale yenye ladha ya limao yanaficha, kwahiyo ni lazima utoboe. Nyumbani weka kwenye friji au sehemu ya ubaridi, na umeze katikati ya chakula chenye mafuta, ndo yanaingia vizuri na hucheui samaki mchana kutwa mbele ya wateja.

Nani asiguse bila daktari: anayekunywa warfarin au dawa yoyote ya kuzuia damu kuganda, mwenye mapigo ya moyo yanayoruka, anayesubiri upasuaji, mwenye aleji ya samaki. Wataalamu wa chakula wa Ulaya walisema 2012 mpaka gramu 5 kwa siku za EPA na DHA hazina shida kwa mtu mzima, ila baadaye tafiti za wagonjwa wa moyo waliotumia viwango vikubwa zilionesha mapigo kuvurugika kwa baadhi yao, kwahiyo kubwa sio bora.

Mafuta ya ini la chewa, yale ya kijiko tuliyonyweshwa utotoni tukikimbia. Haya yana omega na yana vitamini A nyingi pia. Kijiko kimoja cha chai kina takriban mikrogramu 1,350 za vitamini A. Kikomo cha mtu mzima kwa siku ni 3,000. Vijiko vitatu umepita. Mtu anaona "omega 3 kidogo, ngoja niongeze dozi", kumbe anajimwagia vitamini A inayokaa kwenye ini na haitoki kwa mkojo.

Vitamini A yenyewe ya vidonge. Upungufu wake unakausha macho kweli na kupofusha kabisa, ndo maana watoto wa miezi 6 mpaka 59 wanapewa matone kila baada ya miezi sita, Juni na Desemba, uniti 100,000 kwa walio chini ya mwaka na 200,000 kwa wakubwa wao. Mpeleke mtoto, hiyo haina mjadala. Ila wewe mtu mzima unayekula mayai na embe, macho yako yamekaukia kwenye simu, vitamini A ya ziada haikufanyii kitu. Na usinywe tone la mtoto, kuna watu wanakamulia lililobaki. Mjamzito au anayetafuta mimba akae mbali kabisa na vidonge vya retinol (ndo vitamini A yenyewe) vya kujinunulia, ikizidi inaharibu mtoto tumboni, na hata maini asile kila siku. Mvuta sigara naye asikimbilie vidonge vya beta karotini (ile vitamini A ya mimea) akidhani ni salama kwa kuwa ni ya karoti: Ufini wanaume wavutaji walipewa miligramu 20 kwa siku kwa miaka, majibu ya 1994 yakaonesha saratani ya mapafu imeongezeka kwa asilimia 18. Karoti ya sahani haina shida, kula.

Vitamini D. Kwa mwenye upungufu uliopimwa, kuirekebisha kunaweza kusaidia macho. Utasema jua la Mtwara lote hili upungufu unatoka wapi, lakini mtu anaingia ofisini saa moja anatoka saa kumi na mbili, au kajifunika mwili mzima, jua analiona dirishani. Kama hujapima, usivuke uniti 800 kwa siku, na kikomo ni 4,000.

B12. Hii nawaambia hasa wenye sukari. Metformin ikitumika miaka mingi inapunguza B12, na B12 ikipungua neva za jicho zinauma na kuchoma hata kama machozi yapo. Na sukari yenyewe inakausha macho. Mama mdogo wangu yupo Lindi, anatumia metformin mwaka wa tisa, nilimwambia kwenye simu aombe kupimwa. Kanijibu, "We nawe umekuwa daktari lini?" Ila alienda.

Lutein, zeaxanthin (virutubisho vya rangi ya njano kutoka kwenye mimea), na zile "za macho" zenye vitu ishirini ndani: hizo zimepimwa zaidi kwa ugonjwa wa uzeeni wa nyuma ya jicho, siyo ukavu. Ukiwa na ukavu unanunua dawa ya mlango wa nyuma wakati mwizi yupo mbele. Vitu vya mitishamba vilivyosagwa visivyo na lebo sivizungumzii hata.

HATUA YA SITA: kununua

Nunua famasi yenye mtu wa kumuuliza, siyo stendi. Angalia tarehe ya kuisha, angalia muhuri haujafunguliwa, angalia kuna anwani ya mtengenezaji. Tangu 2019 mambo ya vyakula na vipodozi yalihamia TBS (shirika la viwango), na TFDA, ile mamlaka ya zamani ya chakula na dawa, ikabadilika kuwa TMDA ya dawa na vifaa tiba, yaani chakula kina msimamizi wake na dawa ina wake. Sasa muuzaji akikwambia "hii siyo dawa ni chakula lishe" alafu sentensi inayofuata "inatibu presha ya macho, ukavu na mtoto wa jicho", kajichanganya mwenyewe, mwache aende. Na anayekuambia uache matone ya presha ya macho uliyopewa hospitali ili kopo lake lifanye kazi, huyo mkimbie kabisa.

HATUA YA SABA: daftari

Nunua daftari la shule la kurasa 40. Wiki mbili kabla hujaanza kidonge chochote, kila jioni muda uleule andika namba, 0 ni macho hayakusumbui kabisa, 10 ni huwezi kufungua. Pembeni andika feni, boda, moshi, masaa ya skrini, umelala saa ngapi. Baada ya hapo anza kitu KIMOJA. Siyo omega na vitamini D na miwani mipya wiki moja, utajuaje kilichosaidia? Endelea na kitambaa cha moto kama kawaida. Miezi mitatu. Ukiona kuharisha, kucheua, vipele, damu puani, acha na kamuone mtu wa afya.

Mwezi wa tatu ukiisha, jumlisha wiki mbili za mwanzo, gawa kwa 14, jumlisha wiki mbili za mwisho, gawa kwa 14. Ikishuka kuanzia 6 mpaka 5.5 hapo hamna kitu. Ikishuka kutoka 6 mpaka 3, acha vidonge wiki nne uendelee kuandika. Ikipanda tena baada ya kuacha, labda kinakufaa, jadili na mtaalamu. Ikibaki palepale, basi ilikuwa feni, au msimu, au muda.

Yangu ilianza 7. Feni na kitambaa vikaishusha mpaka 4 mwezi wa kwanza. Nikaongeza omega ya famasi, siyo ya yule dada, miezi mitatu, ikawa 3.8. Nikaacha wiki nne, ikabaki 3.9. Kopo lina vidonge 22 mpaka leo, na mama mdogo alivyokuja Idi ameshaniomba, hataki vidonge, anataka kopo la kuwekea binzari.